Mtoto mchanga ana dhambi gani, na kwa nini msamaha peke yake haukutosha?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni msharika, nakaa Mbagala, na mwezi ujao tunambatiza mtoto wetu wa miezi 3. Jirani yangu Mwislamu, ambaye tunaazimana hadi chumvi, aliniuliza kwa nia njema: “Sisi tunafundishwa kwamba Adamu alitubu, Mungu akampokea, yakaisha. Kwenu mbona hayaishi? Huyu mtoto kamkosea nani?” Nilikosa la kusema. Naomba unisaidie.

JIBU: Amina, mama. Jirani yako amegusa jambo ambalo Wakristo wenyewe wamelibishania kwa zaidi ya miaka 1,500, kwa hiyo usione haya kwamba ulikwama.

Nianze na mtoto, kwa kuwa imani yetu haianzi na dhambi. Sura ya kwanza ya Mwanzo inasema mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na inafungwa kwa Mungu kuona kila alichokifanya kuwa ni chema sana. Anguko, yaani Adamu na Hawa kumwasi Mungu, linasimuliwa katika sura ya tatu. Hata baada ya anguko, Mwanzo 9:6 inaulinda uhai wa mtu kwa sababu ile ile, kwamba aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Huyo unayembeba mgongoni ni mfano wa Mungu kabla hajaitwa kitu kingine chochote. Mwaka 1577 wanateolojia wa Kilutheri walilazimika kulisema hili kwa maandishi, kwa kuwa mmoja wao alikuwa amefikia kufundisha kwamba dhambi ndiyo asili yenyewe ya mtu. Wakamkatalia, wakashikilia kwamba dhambi ni uharibifu uliomwingia mtu, si utu wake.

Je, tumerithi nini kwa huyo ambaye jina lake tunalitamka kila tusemapo “mwanadamu” na “binadamu”? Hapa makanisa hayana jibu moja. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alisoma Warumi 5:12 katika tafsiri ya Kilatini, akaielewa kuwa ndani ya Adamu wote walitenda dhambi, na akafundisha kwamba hata hatia ya Adamu inatufikia. Kigiriki cha Paulo kinaelekea zaidi kwenye maneno tuliyo nayo katika Biblia yetu ya Kiswahili: mauti iliwafikia watu wote “kwa sababu wote wamefanya dhambi”. Makanisa ya Kiorthodoksi husema tumerithi mauti na udhaifu, si hatia ya Adamu. Sisi Walutheri tuko karibu zaidi na Augustino, lakini angalia jinsi Ungamo la Augsburg, tamko letu la imani la mwaka 1530, linavyoeleza dhambi hiyo ya asili, ambayo linaiita dhambi kweli kweli: ni kuzaliwa bila kumcha Mungu, bila kumtumaini, na tukiwa na tamaa mbaya. Mambo mawili kati ya hayo matatu ni upungufu, ni vitu ambavyo vingepaswa kuwepo na havipo. Mtoto wako hajamkosea mtu, na Ezekieli 18:20 inakataa mwana auchukue uovu wa baba yake. Ila hakuzaliwa akimtumaini Mungu kama samaki anavyozaliwa akiyajua maji.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza kijana mmoja kwenda kuchukua hati ya nyumba. Marehemu baba yake alikuwa ameiweka rehani kwa mkopo wa biashara iliyokufa, na watoto wakakulia ndani ya nyumba isiyokuwa yao kamili. Hakuna aliyewalaumu kwa saini ya baba, lakini madalali walipobisha hodi, waliokosa usingizi ni wao. Aliyelipa deni ni kaka yao mkubwa. Kijana alitoa ile karatasi kwenye bahasha ya kaki, akaifuata namba ya kitalu kwa kidole, akairudisha, kisha akaitoa tena. Kukomboa, kabla ya kuwa neno la kanisani, ni huko: kukirudisha kilichokuwa rehani. Ndiyo maana Petro anasema tulikombolewa, si kwa fedha wala dhahabu, tutoke katika mwenendo usiofaa tulioupokea kwa baba zetu (1 Petro 1:18), naye Paulo anamwita Kristo mzaliwa wa kwanza miongoni mwa ndugu wengi.

Mfano huu usiuvute mbali ukamfanya Mungu kuwa mdai. Gregorio wa Nazianzo, askofu na mwalimu wa kanisa katika karne ya 4, alikataa kwamba fidia ililipwa kwa Shetani, na vilevile hakukubali kwamba Baba aliidai.

Sasa lile la msamaha. Hatubishani na jirani yako kwamba Adamu alihurumiwa. Hata Mwanzo 3:21 inaonyesha Mungu akimvika yeye na mkewe mavazi ya ngozi kabla ya kuwatoa bustanini. Lakini msome Adamu pale anapoulizwa “Uko wapi?” Amejificha kati ya miti, na anapojibu anamsukumia lawama mkewe, na nusu yake anamrudishia Mungu: “Huyo mwanamke uliyenipa.” Athanasio, askofu wa Aleksandria huko Misri katika karne ya 4, aliandika kwamba kama lingekuwa kosa tu, pasipo uharibifu uliofuata, toba ingetosha. Aliyekunywa sumu unaweza kumsamehe, na sumu ikabaki tumboni. Athanasio alitoa pia mfano wa picha ya mtu iliyochorwa kwenye ubao ikachafuka: ubao hautupwi, bali mwenye sura huja tena, ichorwe upya juu ya ubao ule ule. Neno, yaani Kristo, alifanyika mwili kwa sababu hiyo, akaingia katika mauti yetu na kuishinda kutokea ndani.

Kwa hiyo mwambie jirani yako kwamba hatumpeleki mtoto kanisani kulipa kosa la mzee Adamu. Tunamwunganisha na Kristo aliyekufa na kufufuka, kama Warumi 6 inavyosema. Na usishangae akifika miaka 2 akampokonya mwenzake kikopo huku akikutazama usoni. Luther aliandika mwaka 1529 kwamba ubatizo unamaanisha Adamu wa kale aliye ndani yetu, yaani utu wetu wa dhambi, azamishwe kwa toba ya kila siku, na kazi hiyo wewe na baba yake mtaanza kumfundisha kwa kuifanya nyinyi wenyewe mbele yake.