Usikubali Fundi Atoe Masega ya Gari Lako

Nimewasaidia ndugu na marafiki wengi kuagiza magari kutoka Japani, na gari likishatoka bandarini simu inayofuata huwa ni ileile: "Fundi anasema masega yanabana gari, niyatoe?" Hapana. Usiyatoe.

Masega ni kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la moshi, ndani yana vitundu vingi vilivyopakwa platini, paladi na rodi. Moshi ukipita humo, kaboni monoksidi, mabaki ya petroli na oksidi za nitrojeni hugeuka kuwa kaboni dioksidi, maji na nitrojeni. Metali hizo zina bei, na ndiyo maana baadhi ya mafundi huyatolea macho. Yakitoka, gari hunguruma zaidi, na sumu yote inaishia puani mwa muuza mihogo wa kituo cha daladala na mtoto anayesubiri kuvuka barabara. Mimi hilo linaniuma sana.

Wengi hawajui kwamba nyuma ya kifaa hicho kuna makubaliano ya mataifa. Mkataba uliotiwa saini Geneva tarehe 20 Machi 1958 unawezesha gari au kipuri kilichopimwa na kuidhinishwa katika nchi moja mwanachama kikubaliwe na wenzake bila kupimwa upya. Japani ilijiunga 1998. Marekani haimo, ina utaratibu wake. Kelele nazo zimo: Kanuni Na. 51 ya mkataba huo ilipoanza awamu zake mpya mwaka 2016, kikomo cha gari la kawaida la abiria kilikuwa desibeli 72. Awamu ya tatu imekishusha hadi 68.

Tatizo ni kwamba kanuni hizo hulikagua gari likiwa jipya. Likishachakaa na kupakiwa melini, ulinzi wake hupungua. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilisema magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Kwetu Afrika Mashariki kuna hatua: Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na tangu 2015 nchi za Jumuiya zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Petroli yenye madini ya risasi, iliyokuwa ikiua masega kweli, iliondoka kusini mwa Sahara mwaka 2006. Kwa hiyo fundi akikwambia "mafuta yetu hayafai kwa masega", hoja hiyo imepitwa na wakati.

Kabla hujalipa, soma herufi zinazotangulia namba ya modeli kwenye karatasi za Japani. IST ya mwanzo imeandikwa UA-NCP60. U inatokana na kiwango cha moshi cha mwaka 2000. Vitz yenye DBA-SCP90 imepimwa kwa kiwango cha 2005, na D inamaanisha moshi wake uko chini ya kiwango hicho kwa asilimia 75. Magari mawili ya bei zinazokaribiana yanaweza kutofautiana hapo, nami huchagua DBA bila kusita. Omba pia picha za chini ya gari, bomba lionekane lote kuanzia injini hadi nyuma. Muuzaji anayekwepa picha hizo, mwache.

Gari likianza kukosa nguvu, usianze na masega. Mara nyingi masega huziba kwa sababu ya injini inayokula oili au plagi zinazokosa moto, petroli mbichi ikaenda kuungulia humo. Lipime kwenye mashine, tibu chanzo kwanza. Ukiyatoa na kuacha chanzo, injini itaendelea kufa, na taa ya injini itawaka kwa sababu sensa ya nyuma haioni kazi ikifanyika. Wapo wanaoihadaa sensa hiyo kwa kuiwekea kipande cha chuma. Kataa na hilo.

Kama masega yamekufa kabisa, tafuta ya kubadilishia yenye alama ya E na namba ndani ya duara, namba ikionyesha nchi iliyoyaidhinisha chini ya mkataba ule wa Geneva: E1 ni Ujerumani, E43 Japani, E47 Afrika Kusini. Masega ya kubadilishia yana Kanuni Na. 103, sailensa za magari Na. 59. Ndugu zangu wa bodaboda, sailensa zenu ziko Na. 92, waulizeni wauza spea wawaonyeshe alama hiyo kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye boksi.