Soma Hali ya Huduma Kabla ya Kuigusa Klasta

Juma hili kijana mmoja wa Bukavu ameniandikia: "Yaya, huduma yetu imeandikwa error. Nimezima seva zote na kuziwasha, bado haitoki. Nifanye nini?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini jambo lenyewe linastahili maelezo marefu, kwa kuwa wengi wetu tunaotunza klasta za Proxmox, yaani makundi ya seva yanayoendesha kwa pamoja mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zilizo ndani ya seva), katika miji hii ya umeme wa kukatika bila taarifa tunajua kuzijenga kuliko tunavyojua kuzisoma.

Hapa Lubumbashi ninatunza klasta ya seva 3 katika bohari moja ya dawa. Umeme ulipokatika hivi karibuni, seva zilibaki hai kwa betri za dharura, lakini swichi ya mtandao ilikuwa imechomolewa kwenye betri hizo na mtu aliyetafuta mahali pa kuchomeka printa. Swichi ikazimika, kila seva ikabaki peke yake. Katika klasta ya seva 3 akidi, yaani idadi ya chini ya seva zinazopaswa kuwasiliana ili klasta ifanye kazi, ni 2. Seva inayoendesha huduma (mashine pepe) zinazosimamiwa na klasta ikikosa akidi hushindwa kuhuisha kufuli yake, yaani kibali chake cha kuziendesha, na baada ya sekunde 60 mlinzi wake wa ndani huiwasha upya kwa nguvu, ili huduma moja isije ikaendeshwa mahali pawili na kuharibu data. Zote 3 zikajiwasha upya. Mkurugenzi akatamka mbele ya wafanyakazi kwamba mitambo niliyoiweka ni mibovu. Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa sababu mitambo ilikuwa imeilinda data yake kama ilivyopaswa.

Umeme uliporudi, swichi iliwaka upesi, akidi ikapatikana, na meneja wa klasta, yaani programu inayosimamia huduma, akaanza kuwasha huduma huku hifadhi ya pamoja ikiwa bado inakagua diski zake. Programu ya stoo ilishindwa kuwaka. Ikajaribiwa tena mara 1, ikahamishiwa seva nyingine mara 1, kama mipangilio inavyokuwa isipobadilishwa, kisha ikawekwa katika hali ya error. Fundi mwenzangu alitaka tuzime kila kitu. Nilimkataza, nikaandika amri ya "ha-manager status", tukausoma mstari mmoja baada ya mwingine.

Mstari wa kwanza ulisema "quorum OK", yaani akidi ipo. Usipouona huo, usiyategemee yanayofuata. Kisha huja seva iliyo kiongozi, ambako meneja anaendeshwa, na programu ya usimamizi ya kila seva, kila moja na saa iliyotoa taarifa mara ya mwisho. Taarifa ikipitwa na zaidi ya sekunde 30, utaona "old timestamp - dead?", na hapo ujue kwamba unasoma habari za zamani. Mwishoni huja huduma zenyewe: "vm:104 (seva2, error)", yaani mashine pepe nambari 104, iliyo seva2, iko katika error.

Ndugu zangu, tofautisheni hali mliyoiomba na hali ambayo huduma imo. Wewe unaomba "started". Meneja ndiye anayeifikisha huko, na njiani huduma inaweza kuwa katika "migrate" (inahamishwa), "freeze" (imeachwa isiguswe kwa muda), "fence" au "recovery" (inatafutiwa seva nyingine). Ukiona "fence", seva imepotea na meneja anasubiri kuhakikisha kwamba imezimika kweli. Kazi hiyo huchukua kama dakika 2. Msivunjike moyo, na msithubutu kuwasha nakala nyingine kwa mkono katika dakika hizo, kwani hapo ndipo data huharibika.

Hali ya error ni nyingine kabisa: meneja ameondoa mkono wake. Kuwasha seva upya hakuifuti, kwa sababu imeandikwa katika mfumo wa mafaili ambao seva zote hushirikiana. Hakikisha kwanza kwamba huduma haiendeshwi popote, iweke "disabled", rekebisha chanzo, kisha iombe "started". Usiweke "stopped" ukidhani ni mamoja: huduma iliyo "stopped" bado huhamishwa seva yake ikifa, na error haitoki kwa njia hiyo. Sisi tulisubiri hifadhi iwe tayari, tukaandika amri hizo 2, ya "disabled" na ya "started", na wafamasia wakaendelea kutoa dawa. Mkurugenzi hakusema neno.

Tena nasisitiza kusoma, hata pale mambo yanapoonekana mazuri. "started" inakuhakikishia kwamba mashine pepe imewaka, basi; haikuambii kama hazinadata iliyo ndani yake inajibu. Nimeona mashine ikionyeshwa hivyo asubuhi nzima huku diski yake ya ndani imejaa na hakuna ankara hata moja inayotoka. Kwa hiyo wekeni kipimo cha pembeni kinachoiuliza programu yenyewe swali dogo kila dakika, na kiendeshwe kwenye kompyuta iliyo nje ya klasta.