Jibu: Mfuko wa uwekezaji unadai unainua jamii, nitajuaje ni kweli?

Salaam mkuu. Ripoti uliyopewa inajigamba kwa idadi ya "watu waliofikiwa" na hujui uiamini vipi. Anzia hapo hapo. Kufikiwa si kufaidika: aliyekopeshwa kwa pesa za mfuko, akauza cherehani yake ili alipe mkopo, naye kahesabiwa humo. Mimi huomba takwimu za hali ya wateja ilivyokuwa kabla ya uwekezaji. Wasipokuwa nazo, hakuna cha kulinganisha. Kisha angalia kama wametia saini Kanuni za Uendeshaji za Usimamizi wa Matokeo, yaani miongozo kwa wawekezaji wanaolenga manufaa ya jamii, iliyozinduliwa 2019 kwa uongozi wa IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika sekta binafsi. Waliosaini hutoa tamko hadharani kila mwaka na huhakikiwa na mtu huru. Uliza pia watauza hisa zao kwa nani wakiondoka kwenye kampuni walizowekeza. Wakikujibu kwa picha za watoto wanaotabasamu, shika pesa yako.