Maswali ya Wasomaji: Yoga kwa Mwenye Maltipo Sklerosisi

SWALI: Daktari, salaam kutoka Uyole. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Mwaka jana, baada ya kusumbuliwa na ganzi miguuni na jicho moja kuona ukungu, nilifanyiwa kipimo cha MRI nikaambiwa nina maltipo sklerosisi. Dawa nilizoandikiwa natumia, lakini uchovu umenizidi: ikifika saa saba mchana siwezi hata kusahihisha madaftari. Mwalimu mwenzangu anasema yoga, yale mazoezi ya kujinyoosha na kupumua taratibu, inasaidia. Je, ni kweli, na je, inamfaa mtu ambaye mguu wake wa kulia unakakamaa na ambaye huyumba akigeuka ghafla? Zaidi ya hayo mimi ni Mmoraviani, na ndugu zangu wanasema yoga ni ibada ya dini nyingine.
Mwalimu, Uyole, Mbeya

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Nitaanza na uchovu, kwa kuwa ndio uliokufanya uandike. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia utando wa mafuta unaozunguka mishipa ya fahamu ya ubongo, uti wa mgongo na macho, na utando huo ukishachubuka ujumbe unaopita humo huchelewa au hupotea njiani. Mwili basi hutumia nguvu nyingi kufanya jambo dogo. Uchovu wako si uvivu, wala si ule wa mtu aliyelima kutwa ambaye akilala usiku mmoja huamka mzima, na ni vyema mwalimu mkuu wako alifahamu hilo.

Yoga haiponyi ugonjwa huu na hairudishi utando ulioharibika. Inachoweza kufanya ni kupunguza uchovu, kulegeza misuli iliyokaza na kutuliza mawazo. Mwaka 2004 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa miezi sita uliohusisha wagonjwa 69 waliogawanywa katika makundi matatu: kundi la kwanza lilifanya yoga, la pili liliendesha baiskeli isiyotembea, na la tatu lilisubiri zamu yake bila mazoezi. Makundi mawili ya mwanzo yalipungukiwa uchovu yakilinganishwa na lile lililosubiri, ingawa uwezo wa kuzingatia mambo haukubadilika. Tazama kwamba baiskeli nayo ilisaidia. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote kuwa yoga inazidi mazoezi mengine. Namwambia achague zoezi ambalo wiki ya kumi bado atakuwa analifanya, na kwa mtu anayeyumba, zoezi la taratibu linalofanywa akiwa ameketi au amelala mara nyingi huwa jepesi kuliko kupanda vilima vya Uyole kwa miguu.

Yoga iliyotumika katika utafiti huo ni ya mkondo wa B.K.S. Iyengar (1918–2014), mwalimu wa Kihindi aliyezoesha wanafunzi wake kutumia viti, mikanda na vipande vya mbao ili hata mwili usionyumbulika upate pa kuegemea. Vifaa hivyo unavyo nyumbani. Chukua kiti cha mbao, si cha plastiki, kwa sababu cha plastiki huteleza kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa, kisha mgongo wa kiti uuegemeze ukutani. Keti mbele kidogo, nyayo zote mbili zikiwa zimetulia chini. Vuta pumzi ukiinua mikono hadi pale inapofika bila kulazimisha, itoe ukiishusha. Kwa mguu unaokakamaa, lala chali kwenye mkeka, pitisha khanga iliyokunjwa chini ya unyayo, shika ncha zake kwa mikono miwili na uinue mguu polepole, goti likiwa limelegea, mpaka uhisi nyama za nyuma ya paja zinavutika. Hapo tulia, pumua mara tano au sita, kisha ushushe. Ukiuvuta kwa kushtukiza, misuli hukaza zaidi badala ya kulegea. Mazoezi ya kusimama yafanye karibu na ukuta kukiwa na mtu nyumbani, na yale ya kusimama kwa kichwa yaache kabisa. Kama ukiinamisha shingo unahisi mshtuko kama wa umeme ukishuka mgongoni, usiiinamishe sana katika zoezi lolote.

Jambo la joto linahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 1890 daktari wa macho Wilhelm Uhthoff alieleza wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya kujishughulisha, na leo tunajua kwamba joto la mwili likipanda hata kidogo, mishipa iliyochubuka hupitisha ujumbe kwa shida zaidi hadi mwili upoe. Epuka basi madarasa ya yoga yanayofanyika katika chumba kilichopashwa joto, na usifanye mazoezi mara baada ya kuoga maji ya moto. Baridi ya kwenu inakusaidia katika hili, ila ile ya Juni na Julai huweza kukaza misuli, hivyo vaa sweta ambalo utalivua ukianza kupata joto. Jiko la mkaa usiliweke katika chumba kilichofungwa: hewa yake huua.

Dakika kumi na tano asubuhi, kabla uchovu haujaingia, zinatosha kuanzia. Ukijikuta siku inayofuata umechoka kuliko kawaida, punguza. Dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24, au ya zamani ikizidi kwa muda huo, acha mazoezi uende hospitali. Ukiwa na homa, upimwe malaria na mkojo, maana maambukizi huweza kuamsha dalili za zamani. Kabla ya kuanza, onana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, atazame jinsi unavyosimama na kutembea.

Kuhusu ndugu zako: yoga ina asili yake katika dini za India, na si haki kuwabeza kwa kulisema hilo. Hata hivyo kujinyoosha na kupumua taratibu kunaweza kufanywa bila nyimbo wala maneno ya ibada. Zungumza na mchungaji wako, ukimwonyesha zoezi lenyewe la khanga na kiti. Dhamiri yako ikikataa bado, mazoezi ya kawaida ya fiziotherapia yatakufaa vilevile.

SWALI: Mdogo wangu ana ugonjwa huo huo na anajichoma sindano nyumbani. Mwalimu mmoja wa yoga amemshauri aziache, atumie yoga na lishe pekee, kwa kuwa anajisikia vizuri. Tufanyeje?
Kaka mtu, Mafinga

JIBU: Asiziache. Kazi ya sindano hizo ni kupunguza mashambulizi yajayo, kwa hiyo kujisikia vizuri leo si ushahidi kwamba hazihitajiki. Huenda ndizo zinazomfanya ajisikie hivyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za ugonjwa huu katika orodha yake ya dawa muhimu, na yoga haijaonyeshwa kufanya kazi ya dawa hizo. Afanye yoga akipenda, pamoja na sindano. Kama kinachomchosha ni maumivu ya kuchomwa au gharama, hilo amweleze daktari wake waziwazi, kwani zipo dawa za aina nyingine. Na kama ameshakosa dozi, asichome mbili kwa pamoja kufidia; apige simu kliniki aulize aendelee lini.