Kwa mnaoanza saiti Nakuru: huo ukuta wa nje nao una michoro yake

Wadogo zangu mliomaliza chuo juzi, nawapenda, lakini mmeanza kunichosha. Ploti baada ya ploti kwenye mteremko wa Milimani na Kiamunyi, nakuta michoro ya nyumba imepigwa mihuri yote, na nyuma ya nyumba hiyo hiyo fundi anapanga mawe ya ukuta wa mita tatu usiokuwa kwenye karatasi yoyote. Nikiuliza, naambiwa, "Huo ni wa nje tu, injinia." Wa nje tu! Huo ndio ulioshikilia udongo ambao nyumba imekalia. Basi someni haya kabla mvua ya Machi haijaanza.

1. Kibali kinatangulia jembe. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 haikuandikwa kwa ajili ya nyumba peke yake. Kazi ya ujenzi inayofanywa juu ya ardhi imo. Anayeanza bila kibali cha kaunti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa hiyo peleka michoro ya ukuta pamoja na ya nyumba, ikiwa na hesabu na sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa na EBK (bodi ya wahandisi), kisha mradi usajiliwe NCA (mamlaka ya taifa ya ujenzi). Na pima msingi wa ukuta, usipime ukuta wenyewe tu. Ukuta wa zege wa mita tatu huhitaji kitako cha karibu mita mbili, na nimeona kitako kikipita bikoni, ile alama ya mpaka, na kuingia kwa jirani, wakati juu ukuta unaonekana umekaa vizuri ndani ya mpaka. Jirani akileta mpimaji, mtabomoa.

2. Mwenye ploti akisema, "Ongezeni kozi tatu tu," yaani mistari mitatu ya mawe juu, kataa. Kataa kwa adabu, mwite mzee au mama kama ilivyo desturi, lakini kataa. Msukumo wa udongo hufuata mraba wa kimo: ukuta ukiwa mrefu mara mbili, unasukumwa mara nne, na nguvu ya kuuangusha huwa mara nane. Kozi tatu ni ukuta mwingine. Unarudi kwa mhandisi, na mhandisi anarudi kaunti.

3. Maji. Hapa nitakaa.

Udongo wetu wa chini ya Menengai ni majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vya pumisi. Januari ukichimba, unasimama wima bila kushikwa na chochote, na fundi anakuambia hauna shida. Kinachoushika ni unyevu kidogo tu ulio kati ya chembe. Ukilowa kabisa, mshiko huo unaisha na kingo inateremka yote kwa mara moja. Tafadhali msimtume mtu chini ya kingo kama hiyo baada ya mvua, hata kama ni dakika mbili za kuokota sepetu.

Kuna kijana mmoja, fundi sanifu, mchapakazi kweli, aliyesimamia ukuta wa mita tatu katika mtaa ambao sitautaja. Mawe yalipangwa vizuri, matundu ya kutolea maji yaliwekwa. Ila nyuma ya matundu hakukuwa na kokoto wala kitambaa cha kuchuja, ni majivu yale yale yaliyochimbwa yakarudishwa. Mvua za kwanza zikaja, matundu yakaanza kutapika tope kwenye sakafu mpya ya kuegesha gari. Mwenye nyumba akalalamika. Yule kijana, kwa nia ya kumridhisha, akaziba matundu kwa simiti na kupiga plasta juu. Ukuta ukapendeza.

Fanyeni hesabu naye. Udongo mkavu wa kilonyutoni 18 kwa mita ya ujazo, ukisukuma kwa theluthi moja ya uzito wake, unatoa kilonyutoni 27 kwa kila mita ya ukuta huo. Maji yakijaa nyuma hadi juu, msukumo unafika karibu 59. Ukuta uliopigiwa hesabu kwa udongo mkavu, hata ukiwa na akiba ya mara 1.5 dhidi ya kuteleza, haufiki hapo.

Mwezi wa Aprili ukuta ukalalia jiko la jirani usiku. Shukuru Mungu hapakuwa na mtu. Nilipoitwa kuangalia, nilimkuta yule kijana amekaa juu ya mawe yale, hasemi. Maafisa wa kaunti wakaomba michoro ya ukuta, hakuna. Wakauliza mhandisi ni nani, hakuna. Mchoro wa kweli ungeonyesha kichujio, na mtu angeuliza kabla ya kuziba. Kijana hakuwa na wa kumpigia simu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu kazi yake ya mkono ilikuwa safi.

Tope likitoka kwenye tundu, kichujio hakipo au kimeshindwa. Unafukua na kukiweka. Huzibi.

4. Mliopelekwa Kisumu: huko chini kwenye udongo mweusi, usirudishe udongo huo nyuma ya ukuta. Ukilowa unavimba na kusukuma, ukikauka unapasuka na kufungulia maji njia. Leta maram, ule udongo wa changarawe.

5. Shindilia kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, na rola kubwa isikaribie ukuta.

6. Kwenye ukuta wa zege wa kitako, vyuma vikuu vya ukuta uliosimama vinakaa upande wa udongo, maana huko ndiko zege linavutwa. Mafundi wengi huviweka upande wa mbele kwa sababu ndio upande wanaouona, na mnawaangalia tu. Mwite mkaguzi wa kaunti na mhandisi wako waje kabla ya zege kumwagwa. Wakichelewa, wasubirini, mwambie fundi apumzike, anunuliwe chai, na mikisa izimwe.