Saa ya Meli na Saa ya Kisiwa

Mwanangu Zuhura,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu zangu. Jumapili ulipopiga simu uliniuliza mawili kwa mpigo: Desemba hii meli yenu ya kutoka Galveston, Texas, ikisimama Grand Cayman, kile kisiwa cha Karibi, mfanye nini na watoto, na siku ile tulipokwenda sisi, wewe una miaka 7, tulikuwa tunakimbia nini. La kwanza nilikujibu nusu. La pili nikajitia simu inakatika. Haikukatika. Baba yako alikuwa kakaa pembeni anasikiliza.

Hadithi unayoijua ni yake. Kila harusi inayopita anaisimulia, na kila harusi ile meli inazidi kwenda mbali. Mwaka jana ilikuwa imeshapiga honi mara tatu na nahodha anatupungia mkono.

Hakuna honi iliyopigwa, mwanangu.

Ilikuwa Desemba 2003. Grand Cayman hakuna gati la meli kubwa. Meli inatia nanga nje ya mji wa George Town na abiria mnavushwa kwa viboti. Mtayakuta hayohayo, maana mwaka 2025 wenyeji walipigishwa kura kuhusu kujenga gati, wakalikataa. Sisi foleni ya kiboti ilitumalizia asubuhi yote kwa sababu Baba yako hatoki chumbani bila kunywa chai. Tumekanyaga nchi kavu, jua liko utosini. Tukapanda gari la abiria mfano wa kipanya, linalopita kushoto mwa barabara kama kwetu, na Baba yako akafurahi kana kwamba kafika Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga.

Ule ufukwe wanauita Seven Mile, ingawa maili zenyewe hazitimii saba. Unatazama magharibi, kwa hiyo siku nyingi maji yametulia kabisa. Mimi mtu wa Tanga nikakaa chini ya mwavuli nasubiri maji yakupwe nikuokotee kauri. Yakupwe wapi! Kule tofauti ya kujaa na kupwa haifiki nusu mita. Mimi niliyekulia Raskazone, ambako bahari ikiondoka inaondoka kweli na ngalawa zinalala ubavu kwenye matope, niliona kama nimetazamishwa beseni. Wewe lakini ulilipenda hilo beseni. Ulichimba kisima, ukajenga na ukuta wa kukizungushia, na kila ukijaza maji yanazama mchangani, unakwenda kuchota tena kwa kikombe ulichokichukua melini. Ulikuwa hutaki mtu akusaidie.

Chakula tuliagiza tukidhani ni bei ya kawaida. Kumbe imeandikwa kwa dola ya Cayman, na dola moja ya kwao ni dola 1.20 ya Marekani. Waangalie hapo. Dola za Marekani wanapokea, ila chenji huwa wanarudisha ya kwao.

Sasa ndilo hilo ulilouliza. Saa ya Baba yako ilikuwa imeingia maji, mishale imesimama. Mimi ndiye niliyekwenda kwa yule mzee anayekodisha miavuli nikamuuliza saa. Akatazama mkono wake: saa 9:20. Kiboti cha mwisho kilikuwa saa 9:30.

Sikumwambia Baba yako kwa utulivu. Nilipiga yowe. Nilikubeba na mchanga wako, kisima kikakanyagwa, ndala yako ya kushoto ikabaki hukohuko. Ulilia mpaka ukashikwa na kwikwi. Baba yako kabeba mabegi mawili na taulo shingoni, anasimamisha gari kwa miguu peku. Tunafika bandarini, kijana wa melini anatutazama tunavyohema, anatuuliza kama kuna mgonjwa. Saa ya ukutani nyuma yake ilisema 8:35.

Meli haikuwa imebadilisha saa. Iliendelea na saa ya Texas, na wakati wa baridi Texas iko saa nzima nyuma ya Cayman, kwa sababu kisiwa hakigusi saa zake mwaka mzima. Karatasi ya ratiba iliyoletwa chumbani usiku iliandika wazi. Karatasi hiyo nilifungia ndala zako.

Kwa hiyo tulikuwa na karibu saa nzima, na ufukwe tumeuacha nyuma, na nauli ya kurudi tena hatukuwa nayo. Tukakaa kwenye ukuta wa bandari. Ukalala mapajani mwangu na ndala moja. Mimi nilikuwa nalia, maana ile safari Baba yako aliilipia kwa zamu za usiku za miezi minane. Akanitazama, akafuta mchanga usoni mwako, akasema, "Akiamka tumwambie meli ilitaka kutuacha." Tangu siku hiyo anaisimulia hivyo, na jina langu hajalitaja hata mara moja.

Kwa nyinyi, basi. Chukueni saa ya mkononi, muipange kwa saa ya meli, na mtu asiiguse. Simu msiziamini, zikinasa mtandao wa kisiwa zinajibadilisha zenyewe. Kiboti cha mwisho kinatangulia sana kabla ya meli kuondoka, na mkienda kivyenu, si kwa matembezi ya meli, msitegemee kusubiriwa. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma, ufukwe ule unachafuka, na viboti huenda vikahamishiwa Spotts, upande wa kusini, au meli ikapita bila kusimama. Hapo waambie watoto mapema, wasijenge visima kichwani.

Mumeo anataka kuwapeleka kushika taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, kule kwenye hori la North Sound. Wavuvi zamani walikuwa wakisafishia samaki kwenye kile kina kifupi, taa wakazoea kuja kula matumbo, sasa wanakuja kwa watalii. Sisi taa tunamla kwa nazi, kule unalipa umshike umrudishe. Kama mnakwenda, nendeni, lakini ufukwe msahau. Safari ya boti inakula siku, na mdogo wenu bado analala mchana. Mimi ningewaacha mchangani na kikombe.

Septemba iliyofuata, 2004, kimbunga Ivan kilikipiga kile kisiwa vibaya. Nilikuwa kazini, wodi ya usiku, televisheni iko juu bila sauti, naona mapaa yameng'oka na mchanga umejaa barabarani. Nilimfikiria yule mzee wa miavuli. Alinipa saa sahihi kabisa, maskini, na mimi nilimkasirikia njia nzima.

Baba yako anaita, anataka kujua naandika nini muda wote huu. Nimemwambia nakuandikia mapishi ya taa.

Mama yako