Wahojiwa wanasema huduma ni salama, halafu namba ya siri wanamtajia wakala

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya mifumo ya habari, niko Morogoro. Utafiti wangu unaangalia jinsi mtazamo wa mteja kuhusu usalama unavyoathiri matumizi ya huduma za pesa kwa simu. Nimetumia modeli ya Davis ya ukubalifu wa teknolojia, inayosema mtu huikubali teknolojia akiiona ina manufaa na ni rahisi kutumia, nikaongeza kipengele cha usalama. Madodoso 384 yamejazwa na wateja niliowakuta kwenye vibanda vya mawakala. Maswali ya usalama yamepata wastani wa 4.6 kati ya 5, alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja) ni 0.94, lakini kwenye rigresheni, yaani hesabu ya mchango wa kila kigezo, usalama hauonyeshi mchango kwenye nia ya kuendelea kutumia huduma (p = 0.41, wakati kikomo cha kawaida ni chini ya 0.05). Mwenzangu aliyemaliza mwaka jana ananishauri nifute wahojiwa “wanaoharibu” mpaka p ishuke chini ya 0.05. Tena kuna jambo linanikera: pale kibandani niliona watu wengi wakimtajia wakala namba ya siri au kumkabidhi simu, na hao hao wakaniandikia kwamba huduma ni salama na usalama ni muhimu sana kwao. Je, kazi yangu imeharibika?

JIBU: Marahaba. Kazi yako haijaharibika, ila ungemsikiliza huyo mwenzako ingeharibika kweli. Nianze na yeye, maana ushauri huo nausikia kila mwaka na unaumiza watu wasiojua uzito wake. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha kwamba mtafiti akijiruhusu uhuru mdogo mdogo (kuchagua kipimo hiki badala ya kile, kuongeza wahojiwa baada ya kuchungulia matokeo, kuacha kundi fulani nje), uwezekano wa kupata “matokeo” mahali ambapo hakuna kitu unapanda kutoka asilimia 5 hadi zaidi ya 60. Ile 0.05 unayoitafuta ina maana pale tu unapokuwa hujaitafuta kwa kufuta watu. Mhojiwa anaondolewa kwa sababu uliyoiandika kabla ya kuona majibu, mfano ameweka alama ya 5 kila mahali, hata kwenye swali lililogeuzwa, yaani lililoandikwa kwa maana ya kinyume. Kama hukuweka swali lililogeuzwa hata moja, nalo utaliandika kwenye sura ya mapungufu.

Sasa tuje kwenye takwimu zako. Wastani wa 4.6 kwenye kipimo kinachoishia 5 maana yake karibu kila mtu amejibu 4 au 5. Rigresheni inauliza: wanaouona mfumo salama zaidi wana nia kubwa kuliko wanaouona salama kidogo? Hao wa kidogo huna. Ni kama kutafuta kama urefu unamsaidia mchezaji wa mpira wa kikapu huku umepima wachezaji wa timu moja, wote warefu. Uhusiano unaweza kuwepo kwa nguvu zote na usiuone, kwa kuwa majibu hayana mtawanyiko.

Na jiulize kwa nini hayana. Uliwakuta kibandani. Mtu anayeogopa huduma hii hasimami kwenye foleni ya wakala. Yuko nyumbani na pesa yake kwenye kibubu, au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Umehoji waliokwisha kuvuka mto ukiwauliza kama wanaogopa mamba. Hilo la mahali pa kupata wahojiwa ndilo kubwa kuliko yote, na halitibiki kwa programu ya takwimu.

Kuhusu hiyo 384, nayo nadhani hukuambiwa inatoka wapi. Imo kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, na ni idadi inayotosha kukadiria asilimia ya watu katika umma mkubwa, kwa makosa yasiyozidi asilimia 5 huku au kule, ukiwa na uhakika wa asilimia 95, na kwa sharti kwamba uliwachagua kwa bahati nasibu. Haikutengenezwa kwa ajili ya kupima uhusiano kati ya vigezo. Kwa bahati nzuri, kwa kazi hiyo nayo inatosha: ukiwa na watu 384, hata uhusiano dhaifu wa 0.15 (ambapo 0 ni hakuna na 1 ni kamili) kati ya vigezo viwili una uwezekano wa zaidi ya asilimia 80 kuonekana. Kwa hiyo usije ukajitetea kwamba sampuli ilikuwa ndogo. Msimamizi makini atalikataa hilo mara moja.

Alfa ya 0.94 isikufurahishe sana. Naweka dau kwamba maswali yako manne ya usalama yanasema jambo moja kwa maneno manne. Alfa hupanda hivyo maswali yanapokuwa mapacha.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu nadhani tatizo lilianzia kwenye neno lenyewe. Umetafsiri swali la Kiingereza ukapata kitu kama “Ninahisi salama ninapotumia huduma hii.” Fikiria mama wa makamo anaposomewa sentensi hiyo na kijana wa chuo aliyemsalimia kwa adabu. Salama, kwetu, ni jibu la salamu. Mtu mwenye homa anaulizwa habari za asubuhi, anajibu salama. Kuuliza “salama?” ni kumwomba mtu athibitishe amani kati yenu, naye atakuthibitishia. Nimewahi kukaa kwenye majaribio ya dodoso la namna hii, mzee mmoja aliposomewa swali la usalama wa mfumo alijibu, “Salama tu mwanangu, tunamshukuru Mungu.” Mwanafunzi wangu akaweka alama ya 5.

Ndiyo maana Brislin, tangu 1970, alihimiza dodoso litafsiriwe kisha mtu mwingine asiyeona asili alirudishe kwenye lugha ya kwanza, uone kama maana imefika. Mimi nakuongezea hatua moja: wasomee watu sita au saba kila swali, kisha waulize, “Umenielewa nauliza nini?” Utagundua kwamba wengine wanaposikia usalama wa pesa kwenye simu wanawaza zile meseji za “ile pesa tuma kwenye namba hii”. Wengine wanawaza kuporwa simu stendi. Wengine wanawaza mtandao kukatika pesa ikiwa katikati. Ni hatari tatu tofauti, na wewe umezitia kwenye kapu moja. Uliza kila moja kwa jina lake.

Modeli uliyoichukua nayo ina historia yake. Fred Davis aliichapisha mwaka 1989, na sehemu ya kwanza ya ushahidi wake ilitoka kwa watumiaji 112 wa IBM huko Toronto, waliohojiwa kuhusu barua pepe na programu ya kuhariri mafaili. Hakuna aliyekuwa anahatarisha mshahara wake kwa kutuma barua pepe. Manufaa na urahisi vilitosha kueleza habari. Pesa ilipoingia ndipo wengine walipolazimika kuongeza mambo: mwaka 2003 Gefen, Karahanna na Straub waliingiza imani kwenye modeli hiyo kwa wanunuzi wa mtandaoni. Lakini zingatia kwamba duka lao halikuwa na sura. Mnunuzi alikuwa peke yake na skrini. Wewe kibandani kwako kuna mtu, anaitwa kaka au mama fulani, anaishi mtaa wa pili, na floti ikiisha anakuambia ukweli.

Hapo ndipo lile lililokukera linapogeuka kuwa hazina. Anayemtajia wakala namba ya siri huenda hakukudanganya alipoandika kwamba usalama ni muhimu. Huenda kwake usalama uko kwa mtu, hauko kwenye mfumo. Macho hayaoni maandishi madogo, menyu inakatika akiwa bado anasoma, nyuma kuna foleni, na mbele yake kuna mtu aliyemhudumia miaka mitatu bila kumwibia. Ukimwambia “usimpe mtu yeyote namba ya siri”, umemwomba amkane jirani. Dodoso lako halikuwa na swali hata moja kuhusu wakala. Uliuliza kuhusu mfumo, na imani ilikuwa imekaa kwingine.

Pengo kati ya kauli na vitendo lina jina kwenye taaluma. Linaitwa kitendawili cha faragha. Norberg, Horne na Horne walilichapisha 2007 baada ya kuona watu wakitoa taarifa zao nyingi kuliko walivyosema awali kwamba wangetoa. Mwaka huo huo, Marekani, Schechter na wenzake waliwaita wateja 67 wa benki wafanye kazi kwenye tovuti ya benki huku alama za usalama zikiondolewa moja baada ya nyingine. Alama ya muunganisho salama ilipoondolewa, hakuna hata mmoja aliyezuia neno lake la siri. Picha maalumu ya kuthibitisha tovuti ilipoondolewa, kati ya 25 waliotumia akaunti zao wenyewe, 23 waliendelea kuandika neno la siri. Na wakaona jambo ambalo wewe unalihitaji: walioigiza kwa akaunti isiyo yao walikuwa wazembe zaidi kuliko waliotumia za kwao. Kwa hiyo ukimuuliza mtu “ungefanya nini kama…”, unapata tabia ya mwigizaji.

Ushauri wangu ni kwamba ubadilishe unachokipima upande wa matokeo. “Nia ya kuendelea kutumia” kwa mtu aliyesimama kibandani ni swali lenye jibu tayari. Pima tabia, tena ya tukio la mwisho. Mara ya mwisho ulipotoa pesa, nani alibonyeza namba ya siri? Ulisoma jina la wakala kabla ya kuthibitisha? Ukiacha wewe, nani mwingine anaijua namba hiyo? Na kuna swali moja ambalo kwangu lina thamani kuliko kipimo kizima cha Likert, yaani hicho cha alama 1 hadi 5: pesa ikiingia kwenye simu, huwa unaitoa yote siku hiyo hiyo au unaacha salio? Mtu asiyeamini atatumia huduma kila wiki, atakuambia ni salama, lakini pesa haitalala humo. Utapata mtawanyiko, na utapata jambo linalomgusa hata mwenye biashara, kwani salio linalokaa ndilo linaloonyesha imani ya mteja.

Huna haja ya kurudia madodoso yote. Data uliyonayo iripoti jinsi ilivyo, pamoja na masafa ya uhakika (mpaka wa chini na wa juu) ya mgawo wa usalama, yaani ile namba ya mchango wake kwenye rigresheni, na uandike wazi kwamba matokeo hayo hayathibitishi kuwa usalama hauna athari. Kisha ongeza hatua ya pili, ndogo: mahojiano na wateja kama 20 na mawakala wachache, pamoja na kuhesabu kwa vistari, kwa nusu siku kwenye vibanda vitatu au vinne, ni miamala mingapi namba ya siri ilitajwa kwa sauti, mingapi wakala alibonyeza mwenyewe, mingapi mteja alijifanyia. Nusu ya wahojiwa watafute nje ya vibanda: sokoni, msikitini, kanisani, kwenye vikundi, ili upate na wasiotumia kabisa.

Kabla ya kukanyaga huko, rudi kwenye kamati ya maadili ya chuo. Kibali ulichonacho ni cha dodoso, na kutazama watu wakifanya miamala ni jambo jingine. Wakala akubali, tangazo libandikwe mahali pa kuonekana, na usimame pale ambapo huwezi kusoma skrini. Usiandike namba ya siri, jina wala namba ya simu, hata kama imetajwa kwa sauti ukaisikia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na daftari la mtafiti nalo linaweza kuwa na taarifa binafsi ndani yake. Ukikuta wakala anayehifadhi namba za siri za wateja kwenye karatasi, hilo uliamulie na msimamizi wako mapema utalifanyaje, kabla halijakukuta mlangoni.

Kichwa cha utafiti si lazima ukibadilishe chote. Ongeza maneno “na imani kwa wakala”, omba nafasi ya kurekebisha nadharia tete inayohusu usalama, na mpelekee msimamizi wako ukurasa mmoja tu: upande huu 4.6, upande wa pili ulichokiona kibandani.